Majani Yasiyotaka Jua

Tangi lile liliingia nyumbani bila mimi kuulizwa. Mume wangu alikuwa fundi wa maji wa serikali, kazi yake kupima mito ya Kasulu na Kibondo, na Mzungu aliyekuwa mkubwa wake alipomaliza mkataba alimwachia vitu viwili: koti la mvua lililomzidi mabega, na tangi la kioo la kufugia samaki, refu kama dawati la wanafunzi watatu. Koti alilivaa. Tangi aliliweka sebuleni juu ya masanduku mawili ya mbao, akarudi nyuma hatua tatu, akalitazama kama mtu aliyetoka mnadani na ng'ombe.

"Humo tutafuga nini?" nikamuuliza.

"Majani. Samaki wawili watatu, lakini hasa majani. Mzee alisema majani yakistawi maji hayanuki."

Ilikuwa katikati ya miaka ya sabini. Nilikuwa mwalimu wa darasa la tatu, mwaka wangu wa pili wa ndoa, nimetoka kwenye joto la Korogwe na kuletwa kwenye milima ambako sweta huvuliwa saa nne asubuhi. Kwa ndugu zangu ilikuwa safari ya siku tatu. Rafiki niliyempata alikuwa mmoja tu, jirani yetu, Muha wa pale pale, mama wa watoto wanne. Mume wake alikuwa karani wa bomani na balozi wetu wa nyumba kumi, mwenye wajibu wa kutoa taarifa ya kila mgeni. Alipoliona tangi alicheka mpaka akashika kiuno.

"Mwalimu, mimi najua maji ya kunywa na maji ya kufulia. Haya ya kukaa nayo sebuleni kama mgeni sijawahi kuyaona."

Sebule yetu ilikuwa na giza. Paa la nyumba ya serikali lilishuka chini sana, na dirisha pekee lilitazama ukuta wa jikoni. Nikitaka kusahihisha madaftari mchana nilisogeza kiti mlangoni. Umeme haukuwepo. Mume wangu aliosha mchanga wa mtoni ndoo kwa ndoo hadi maji yakatoka meupe, akaumwaga chini ya tangi, akapanda majani aliyoyang'oa bwawani kwenye jua kali: mengine marefu kama utepe, mengine ya toro, yale ya duara yanayoelea juu ya maji. Wiki ya kwanza yalipendeza. Wiki ya tatu yalianza kurefuka na kupauka, yakijivuta kuelekea dirishani, kisha yakalainika kama mboga iliyopikwa kupita kiasi. Maji yakanuka. Samaki wakafa wote siku moja.

"Mwaga," nikasema.

"Tatizo ni mwanga. Kuna majani yanayoishi gizani, nitayapata."

Alikwenda Kibondo kama kawaida yake, siku nne kila baada ya wiki mbili. Aliporudi alishuka garini na kifurushi cha majani ya mgomba. Nilikifungua mwenyewe juu ya meza. Ndani mlikuwa na tabaka la majani laini yenye unyevu, yale yanayoota juu ya mawe, na katikati yake mawe matano ya ukubwa wa ngumi. Kila jiwe lilifungiwa mmea. Majani yake yalikuwa yamechanikachanika kama unyoya, rangi ya kijani inayokaribia weusi, na shina lake lilitambaa juu ya jiwe kama tandu. Lilikuwa limeshikizwa jiweni kwa uzi wa sufu wa njano, uliozungushwa mara nyingi bila kuvunja hata jani moja.

"Usilizike hili shina mchangani," mume wangu akasema. "Ukilizika linaoza. Linakaa juu ya jiwe, mizizi italishika yenyewe. Wala usiliweke karibu na dirisha. Linakulia penye kivuli, chini ya miti, maji yakipita."

Nikamtazama. Huyu alikuwa mtu asiyeweza kutofautisha mchicha na mnavu.

"Nani kakufundisha?"

"Mtu mmoja huko."

"Mtu gani?"

"Mtu tu wa mtoni," akasema, akaenda kuoga.

Nilibaki na yale mawe. Mume wangu hajui kufunga fundo. Kamba za viatu vyake zilikuwa zikifunguka njiani, na mzigo wake wa safari niliufunga mimi. Mafundo yale madogo, yaliyofichwa chini ya jiwe yasionekane, yalifungwa na mkono uliozoea kusuka. Na mkono wa kusuka, nikajiambia, ni wa mwanamke.

Niliyapanga mawe tangini, na jiwe la tano nikalifungua uzi, nikauzika mmea ule mchangani makusudi, kama mtu anayempima mwingine bila yeye kujua. Manne yalitulia. Baada ya wiki mbili mizizi myembamba ilianza kulishika jiwe, na jani jipya likajikunjua taratibu, jembamba mpaka unaona kidole chako upande wa pili. Lile nililolizika lilianza kuwa jeusi chini. Wiki ya nne nililivuta, likakatika mkononi, likanuka. Huyo mtu wa mtoni alikuwa anajua anachosema. Sijui kwa nini hilo liliniuma kuliko kama angekuwa amekosea.

Vifurushi vikaendelea kuja. Kila safari mawe mawili, matatu, na kila safari maelekezo mapya: mwambie asibadilishe maji yote kwa mara moja, aongeze ya mvua kidogo kidogo; utelezi wa kijani ukishika kioo afute kwa gunzi; konokono wadogo awaache, wanakula yaliyooza. "Mwambie." Kwa hiyo nilikuwa nikijulikana huko, nikizungumzwa.

Nikaanza kuchunguza. Mume wangu alikuwa na madaftari ya vipimo vya mito, namba za kila siku, asubuhi na jioni. Siku moja akiwa kazini niliyafungua. Kurasa za Kasulu ziliandikwa na watu niliowafahamu mwandiko. Za kule Kibondo zilikuwa na mwandiko mwingine, safi, uliosimama wima, na kila saba ilikatwa kwa mstari katikati. Nimefundisha watoto kuandika namba kwa miaka; sikuwa na mwanafunzi hata mmoja anayekata saba. Juu ya ukurasa palikuwa na jina la mwanamume. Mwandiko ule, kama mafundo yale, niliuona wa kike; nilijua hapo kuna uongo, sikujua ni uongo gani.

Kisha vitu vikaanza kupungua. Mche mmoja wa sabuni ulikuwa robo tatu, ukawa nusu bila mtu kufua. Chumvi iliisha mapema. Halafu kitenge changu cha buluu chenye ndege, nilichopewa na mama nilipoolewa, hakikuonekana kabatini.

"Labda kilipotea kwenye kamba," mume wangu akasema bila kuinua macho. Alikuwa amepiga magoti mbele ya tangi, akitazama jani.

Kesho yake nilikaa na jirani yangu uani akichambua maharage, nikamweleza yote: vifurushi, mafundo, saba, sabuni, kitenge. Nilisema hadi nikaona aibu. Aliendelea kuchambua.

"Mwalimu," akasema mwishowe, "mwanamume hapelekei samaki sabuni."

Likizo ilipofika nilimwomba mume wangu anichukue Kibondo nikaone mji. Akasema gari limejaa vifaa. Safari iliyofuata nikamwomba tena, akasema barabara mbovu. Safari ile alirudi salama, na siku ya tatu baada ya kurudi kwake, alipokwenda kupima mto wa upande wa pili wa Kasulu, mimi nilipanda lori lililokuwa likifuata maharage Kibondo. Nilikaa mbele na dereva, nimeshika mkoba magotini, nikipanga maneno nitakayomwambia huyo mwanamke. Niliyapanga kwa Kiswahili fasaha cha kwetu, maneno yanayochoma bila kutukana.

Mjini Kibondo kila mtu alimjua mume wangu; walimwita Bwana Maji. Nilionyeshwa njia ya mguu inayoshuka bondeni, mwendo wa saa moja hivi, hadi penye kivuko cha mawe. Miti ilikuwa imefunga juu ya kijito, na ndani yake kulikuwa na baridi na giza la kijani. Ubao wa kipimo ulisimama majini, umepakwa rangi nyeupe na namba nyeusi. Na juu ya mawe, kila mahali maji yalipopita kwa kasi, yalikuwa majani yale yale ya sebuleni kwangu, mamia kwa mamia, yakitikisika kama manyoya ya kuku kwenye upepo.

Kitenge changu nilikiona kabla ya kumwona aliyekivaa.

Alikuwa ameinama akiteka maji. Mwanamke wa rika langu, mwembamba, mrefu, shingo ndefu, mkono wa kushoto una kovu la moto kutoka kiwiko hadi kifundo. Mzuri. Sitaficha hilo. Aliinuka, akaniona, akaona viatu vyangu na mkoba wangu, na kabla sijafungua mdomo akaweka chini mtungi na kushika mikono yangu miwili, akinisalimu kwa Kirundi.

"Amahoro. Ni weye mwalimu. Majani yanaishi?"

Maneno yote niliyoyapanga kwenye lori yalinitoka.

"Yanaishi," nikasema.

"Yote?"

"Moja lilioza. Nililizika."

Akacheka kidogo, akatikisa kichwa. "Nilimwambia Bwana Maji akwambie."

Alinikaribisha kwenye kibanda chake juu ya ukingo. Kiswahili chake kilikuwa kimechanganyika na Kirundi, lakini tulielewana. Alikuwa amesoma kwa watawa huko Burundi, darasa la sita. Ndipo alipojifunza kukata saba. Vita vilipowafukuza alivuka mpaka na mume wake, wakatembea siku mbili hadi kwenye mawe yale. Mume akamwambia, nisubiri hapa, ninarudi kumchukua mama, mama hawezi kutembea. Akarudi Burundi, hakuonekana tena. Wenzao waliandikishwa na kupelekwa kwenye makazi ya wakimbizi, mbali, upande wa Tabora. Yeye alijificha, asihamishwe pale.

"Akija, atakuja hapa," akasema. "Mahali pengine hapajui."

Mume wangu alimkuta pale alipokuja kusimamisha ubao. Alihitaji mtu wa kusoma namba asubuhi na jioni, naye alikuwa pale pale asubuhi na jioni. Kumwandika jina lake kusingewezekana, kwa sababu kiserikali hakuwepo. Akaandika jina la kubuni. Alimlipa kwa chumvi na sabuni, na wakati wa baridi alimletea kitenge.

"Alisema umenipa weye," akasema, akikishika upindo. "Sikuwa nimekushukuru. Murakoze cane."

Ningeweza kumwambia. Niliangalia wale ndege wa kitenge cha mama yangu, nikasema, "Karibu."

Nililala kwa watawa mjini, kesho yake nikarudi na lori. Njia nzima nilipima. Nusu yangu ilimwamini yule mwanamke kabisa. Nusu nyingine iliuliza: kwa nini basi hukuniambia, mume wangu? Na mwanamume anayejua kwamba mtu fulani anasikia baridi, amejuaje?

Jirani yangu alikuwa akinisubiri. Hakunipa hata nafasi ya kutua mkoba.

"Umemwona?"

Hapa ndipo nilipokosea, na nimelirudia kosa hili kichwani kwa miaka. Sikusema kwa hasira. Nilisema kwa furaha. Mwezi mzima nilikuwa nimemchafua mume wangu mbele ya mwanamke huyu, na sasa nilitaka kumsafisha.

"Si mambo yale," nikamwambia. "Ni mkimbizi tu, maskini, anamsubiri mume wake pale kivukoni. Anamsomea kipimo kwa jina la kubuni. Hana hata karatasi."

"Yooo," akasema jirani yangu, akaweka mkono shavuni. "Pole yake. Na sisi tulivyomfikiria!"

Mume wangu alirudi jioni hiyo. Nilimwambia nilikokwenda. Nilitegemea akasirike, nami nijibu. Hakukasirika. Alikaa kwenye kiti, akavua viatu, akauliza, "Umemwambia nani?"

"Hakuna," nikasema.

Hazikupita wiki tatu. Alikwenda Kibondo, akarudi siku ile ile, bila kifurushi. Alisimama mlangoni na lile koti kubwa la mvua.

"Wamemchukua. Gari lilikuja juzi. Walijua mpaka jina nililoliandika ni la uongo." Akanitazama muda mrefu. "Pale kivukoni watu wamekaa naye miaka miwili bila kusema neno. Habari haikutoka kule."

Nilikwenda moja kwa moja kwa jirani yangu. Alikuwa akisonga ugali. Nilimuuliza palepale mbele ya watoto wake alikuwa amemwambia nani.

"Nilimwambia mume wangu," akajibu. Hakuacha mwiko. "Kama wewe ulivyoniambia mimi. Balozi akishajua, Mwalimu, afanyeje? Akae nayo afukuzwe yeye?"

Nilirudi nyumbani, na kwa mara ya kwanza nilimwambia mume wangu ukweli.

"Kwa nini hukuniambia tangu mwanzo?" nikamuuliza baada ya hapo, kwa sauti ya chini. "Ningejua ni siri ningeificha."

"Ungemwambia jirani," akasema.

Baadaye niliuliza lile lililobaki, kwa kuwa nilijua nisipouliza siku hiyo sitauliza tena. "Ulimpenda?"

Alifikiri. Ningefurahi zaidi kama asingefikiri.

"Nilimhurumia," akasema.

Nililichukua hilo. Sikulichimba, na sijalichimba hadi leo.

Mume wangu alipewa barua kali kazini na kunyimwa mito ya Kibondo, akapelekwa mwingine. Tangi lilibaki kwangu. Niliongeza maji ya mvua kidogo kidogo, nikafuta kioo kwa gunzi. Majani yalipanuka mpaka yakagusana, na samaki wapya wakazaa humo. Wageni walisifu. Kabla ya kukabidhi kazi, mume wangu alikuwa amewaachia watu wa kivukoni ujumbe: yeyote atakayemwulizia yule mama aelekezwe kwetu Kasulu.

Ulipita karibu mwaka. Nilikuwa nimetoka shuleni nilipomkuta mwanamume ameketi kwenye ngazi yetu, viatu vyake vimefungwa kwa kamba ya katani. Alisimama akavua kofia. Alisema ametoka kivukoni, anamtafuta mke wa kaka yake.

Mume wangu hakuwepo. Nilimpa chai sebuleni, nikakaa mkabala naye, na sikumwamini. Huenda ni ndugu, huenda ni mtu wa wale waliowafukuza, huenda katumwa tu kuona kama bado tunaficha watu. Aliangalia tangi, akasema majani kama yale ameyaona kivukoni. Hilo halikunisaidia, kila aliyefika kivukoni aliyaona.

"Kaka yako alirudi kufanya nini?" nikamuuliza.

"Kumchukua mama yetu. Mama hatembei."

"Na shemeji yako ana alama gani?"

Akanyoosha mkono wake wa kushoto, akapitisha kidole kutoka kiwiko hadi kifundo. "Mafuta ya moto. Alikuwa bado bibi harusi. Mama alilia kuliko yeye."

"Kaka yuko wapi?"

Alitazama ndani ya kikombe. "Hakufika kwa mama. Miaka mitatu sasa natafuta wa kumwambia."

Nilitoka nje uani. Jirani yangu alikuwa akianika nguo, akanipungia mkono, akanyoosha shingo kutazama mlango wangu. Nilimpungia na mimi. Nikarudi ndani, nikafunga mlango, nikachukua karatasi ya daftari na kumwandikia yule mgeni jina la makazi alikopelekwa shemeji yake, mji wa kushukia treni, na mtu wa kuuliza, jinsi mume wangu alivyokuwa amevichunguza. Nilimwambia aikunje aiweke ndani ya soksi.

Miezi miwili baadaye dereva wa lori alituletea habari kwa mdomo. Shemeji alifika. Mwanamke alilia siku tatu, watu wa kijiji chao kipya wakakaa naye. Siku ya nne aliuliza mipaka ya shamba lake ni ipi. Anatusalimu, na kama tunaweza, anaomba jembe, maana ya kule ni machache na yanazungushwa nyumba kwa nyumba.

Mume wangu alinitazama, kisha akaangalia pembeni, akisubiri nitasema nini. Nilikwenda dukani mwenyewe. Niligonga majembe manne kwa kucha, moja baada ya jingine, nikachagua lililolia vizuri. Njiani kurudi nilikutana na jirani yangu.

"Jembe la nani hilo, Mwalimu?"

"Letu," nikasema. "Nataka kulima matembele nyuma ya nyumba."

Alitazama jembe, akanitazama mimi, akasema mvua zimekaribia, nifanye haraka. Nikamshukuru, nikaendelea na njia hadi lilipoegeshwa lori la yule dereva.